Sekunde Nane Mbele ya Tanuri

Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akipiga picha za watu kuanzia mabegani kwenda juu. Chumba chake cha kazi kilikuwa na upana wa hatua nne: stuli moja, shuka jeupe ukutani, kioo cha kuchania nywele, na meza ya kukatia picha. Waliokuja walitaka picha za pasipoti, za vitambulisho, za fomu za shule na za kazi, na kila mmoja wao aliambiwa maneno yaleyale, inua kidevu kidogo, hadi mtaa mzima ukamwita Bi Kidevu. Yeye hakuona ubaya. Watoto waliomwamkia njiani waliinua videvu vyao kwanza, halafu ndipo wakasema shikamoo.

Ila moyoni alikuwa amechoka na vichwa. Alitamani kupiga picha ya mtu mzima pamoja na mahali alipo, chumba na dari yake, barabara na taa zake. Basi aliposikia kwamba mpigapicha mmoja wa harusi anaacha kazi aende kufuga kuku, alikwenda kwake siku hiyohiyo, akarudi amekumbatia sanduku. Ndani yake mlikuwa na stendi ya miguu mitatu na lenzi pana, fupi, nene kama kikombe cha chai, kioo chake cha mbele kimetuna kama jicho la chura.

Mumewe aliitazama ile lenzi, akaigeuza, akasema, "Nzuri." Hakuongeza neno. Alikuwa mwokaji mikate wa zamu ya usiku. Alitoka nyumbani saa tatu usiku na kurudi saa moja asubuhi, akinukia hamira, unga umemganda kwenye nyusi. Walipishana mlangoni, yeye akiingia kulala, mkewe akitoka kwenda kufungua chumba cha picha. Chakula kikiwa kitamu alisema nzuri. Kikizidi chumvi alisema nzuri vilevile. Baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa, na binti yao mmoja akiwa keshaolewa, Bi Kidevu alikuwa amekubali kwamba Mungu amempa mume mwema asiye na maneno, na hakuwa na la kulalamika.

Jumapili ya kwanza alifanya majaribio sebuleni. Aliwapanga mumewe, binti yake na mkwewe kwenye kochi, na wifi yake, dada wa mumewe, akakaa pembeni kabisa karibu na dirisha, kwa sababu kiti hicho ndicho alichokizoea. Wifi huyu alikuwa fundi cherehani aliyekaa nyumba ya pili, mwanamke mwenye ulimi wa wembe na roho ya pamba. Bi Kidevu alisogea hadi mgongo ukagusa kabati, akatazama, asiamini macho yake. Chumba chote kilikuwa kimeingia: dari, zulia, saa ya ukutani, hata kandambili zilizokuwa chini ya kochi. Akabonyeza.

Walipoiona picha kwenye kompyuta, waliokaa katikati walikuwa wamesinyaa kama wanasesere wa kwenye keki. Wifi, huko pembeni, alikuwa amevutika. Mkono wake ulikuwa mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, na uso wake umepanuka kuelekea dirishani kama chapati iliyosukumwa na mtu mwenye haraka. Mkwe alitoka nje kwa kisingizio cha simu.

"Nimekukosea nini mimi?" wifi aliuliza taratibu.

Bi Kidevu alimweleza kwamba lenzi pana huvuta vilivyo pembeni, kwamba si yeye, hata kabati limevutika. Wifi alisema kabati halina haya, yeye anayo. Akachukua kanga yake akaondoka, na kwa siku nne akawa anazungumza na Bi Kidevu kwa kupitia kaka yake, ambaye muda mwingi alikuwa amelala.

Hilo lilimfundisha. Jioni baada ya kufunga kazi alikuwa akienda uani na kupanga vitu vya nyumbani: ndoo, mabeseni, ufagio, vigoda vitatu. Alivipiga picha kwa mbali, kwa karibu, akiwa amesimama, akiwa amechutama, na kila alichokigundua alikiandika kwenye daftari la kurasa za mistari. Kamera ikiinama, kuta zinalala kama zimelewa. Ikikaa sawasawa, zinasimama wima. Kitu kilicho karibu na kioo kinakuwa jitu: mwiko wa ugali ulionekana mkubwa kuliko mlango wa jikoni. Na jambo kubwa kuliko yote, lenzi pana haikutaka mtu arudi nyuma ili apate vingi; ilitaka asogee karibu, karibu kuliko alivyothubutu, halafu avipange vingine nyuma. Yeye aliyezoea kusimama hatua tatu kutoka kwenye stuli alijikuta anapiga magoti puani mwa ndoo.

Alipoona ameiva kidogo, alikwenda kwa wifi yake kuomba radhi kwa vitendo. Alimkalisha katikati kabisa nyuma ya cherehani, akafupisha miguu ya stendi, akatandaza vitambaa vyote vya wateja mezani, vyekundu, vya manjano, vya maua, vikimiminika hadi kwenye pembe za picha. Ilipotoka, wifi alionekana kama malkia anayeibuka kutoka kwenye bahari ya nguo. Aliitazama muda mrefu akitafuta kasoro.

"Sasa hapo," alisema mwishowe, "lenzi imeanza kupata adabu." Na uhusiano ukarudi.

Kilichobaki kilikuwa usiku. Nyumba waliyopanga ilikuwa ya ghorofa tatu, na juu kulikuwa na paa tambarare la kuanikia nguo, linaloitazama barabara ya maduka. Mumewe akishatoka kwenda kazini, Bi Kidevu alijifunga koti, akapanda na stendi begani. Usiku wa kwanza aliambulia ukungu mtupu. Alikuwa ameiweka kamera juu ya mbao zilizolegea, na kila alipohamisha mguu picha ilitikisika. Usiku wa pili alihamia kwenye saruji, akaweka kamera ijibonyeze yenyewe baada ya sekunde mbili ili mkono wake usiiguse, akaiacha imekodoa jicho sekunde ishirini. Akangoja mikono mfukoni, hapumui vizuri.

Alipoiona ile picha alicheka peke yake juu ya paa. Magari hayakuwepo. Badala yake kulikuwa na nyuzi za taa nyekundu na nyeupe, zimelala barabarani kama zimeshonwa. Anga, ambayo kwa macho ilikuwa nyeusi tii, ilikuwa ya bluu nzito yenye nyota. Na watu wote waliokuwa wakipita walikuwa wameyeyuka, barabara imebaki safi kama imetoka kufagiliwa.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mlinzi wa duka la mabati, mtu mchangamfu aliyevaa koti la mvua hata kama hakuna mvua. Alikuwa ameona kitaa chekundu cha kamera kikimetameta juu, akauliza kwa sauti kuna nini. Bi Kidevu aliposhuka kumwonyesha, mlinzi aliitafuta sura yake kwenye ile picha asiione. Alikuwa akizunguka duka katika zile sekunde ishirini, ndiyo maana kamera haikumshika. Alimwomba Bi Kidevu, kwa heshima zote, picha ile yenye kiti chake kitupu isije ikafika kwa tajiri wake, kwa maana ndiyo usiku pekee mwezi huo aliofanya kazi kweli. Ilibidi apigwe nyingine amekaa kwenye kiti chake ametulia, na humo alitoka vizuri sana.

Wiki tatu zilipita hivyo. Daftari lilijaa, akaanza la pili.

Jumanne moja usiku mumewe alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Jumamosi tanuri la matofali linavunjwa. Linaletwa la umeme.

Bi Kidevu aliuliza tanuri hilo lina miaka mingapi.

"Lilinitangulia," alisema. Alikuwa amekwisha kufunga kamba, lakini hakuinuka. Alibaki ameinama vile, anaangalia viatu. Mkewe aliliona hilo.

Alimwambia kwamba Ijumaa usiku atakwenda huko na kamera. Mumewe alisema haitawezekana, chumba cha tanuri ni chembamba kama korido, wenzake wamejaribu mara nyingi kwa simu na kila mara wanapata nusu ya mtu na robo ya tanuri. Bi Kidevu akajibu kwamba chumba chembamba ndicho hasa lenzi yake inachokitafuta. Mumewe alifikiri kidogo, akasema haya, akatoka.

Ijumaa saa sita kasoro usiku Bi Kidevu alipiga hodi kwenye mlango wa nyuma wa bekari. Hakuwahi kufika hapo usiku hata mara moja. Aliyemfungulia alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Huyu ndiye aliyekuwa akipima na kukata madonge. Aliitazama stendi, akatabasamu, akauliza, "Umemfuata Redio?"

Bi Kidevu alisema hapana, amemfuata mumewe. Akamweleza: mrefu, ana mvi kidogo, mtu mkimya.

Mpima madonge alimwangalia kwa huruma. "Urefu ndiyo. Mvi ndiyo. Hilo la tatu labda ni la mtu wa bekari nyingine."

Kabla hajajibu alisikia sauti ikitoka ndani. Ilikuwa ya mumewe, lakini ilikuwa na urefu asioujua. Ilikuwa inasimulia, inapanda, inashuka, inaiga sauti ya mwanamke aliyekasirika, na baada yake kikaja kicheko cha watu wengi. Alisogea mlangoni akachungulia. Mumewe alikuwa mbele ya tanuri, fulana imelowa jasho, ameshika ubao wenye mpini mrefu wa kuingizia mikate. Aliusukuma, akauchomoa, akauzungusha bila kumgusa mtu, na muda wote huo mdomo haukupumzika. Alikuwa anawasimulia wenzake jinsi dada yake alivyovutwa na lenzi hadi dirishani. Watu sita, mpima madonge akiwa amesharudi mezani, walikuwa wanakanda, wanakata, wanapaka mafuta mabati ya kuokea, na wote mbavu hawana.

Bi Kidevu alisimama pale na begi lake. Kwanza alisikia kijiwivu kikimchoma. Miaka kumi na tisa amekuwa akiishi na masalio ya mtu huyu, maneno mawili matatu yaliyobaki baada ya usiku kuyamaliza mengine. Halafu mumewe akaiga jinsi wifi alivyosema kabati halina haya, akaiga kwelikweli, hadi mabega, na Bi Kidevu naye akaangua kicheko. Mumewe aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu aingie mlangoni, bekari ikanyamaza.

"Karibu, mama," alisema, akajifuta jasho kwa mkono, kama kijana aliyefumwa.

Wengine walimkaribisha kwa shangwe, shemeji huku, shemeji kule, wakampa kigoda karibu na magunia. Alifunga kamera juu ya stendi, akatazama, akaona maziwa matupu. Kioo kilikuwa kimetoka kwenye baridi ya nje na kuingia kwenye joto na mvuke, kikafanya ukungu. Alikifuta, kikarudia. Akafuta tena, kikarudia tena. Mpima madonge, aliyekuwa akimtazama kwa pembeni, alimwambia, "Wifi, usiifokee. Ifanye kama donge. Iweke mahali ipate joto taratibu, itainuka yenyewe."

Kwa hiyo kamera ya Bi Kidevu ilifungwa kwenye kitambaa safi na kuwekwa kwenye rafu, katikati ya madonge yaliyokuwa yanaumuka. Na kwa kuwa bekari haina nafasi ya mtu wa kukaa bure, alifungwa aproni akapewa brashi apake mafuta mabati. Kwa nusu saa hivi alipaka, akisikiliza. Alimsikia mumewe akimsimanga mwendesha mashine ya kukandia, akimfariji mwingine ambaye mtoto wake alikuwa na homa, akiwaambia tanuri leo lina hasira upande wa kushoto na mikate ya huko itolewe mapema. Hakuna aliyembishia.

Kamera ilipotoka kwenye rafu, kioo kilikuwa kikavu na safi. Alijaribu kwanza kwa flashi. Chumba kikawa cheupe kama ofisi ya posta, na mdomo wa tanuri, ambao kwa macho ulikuwa unawaka kama machungwa yaliyoiva, ukawa shimo jeusi. Akaichomoa flashi akaitia mfukoni. Akajaribu bila flashi, sekunde nane, taa ya dari ikiwa moja tu. Safari hii tanuri lilitoka zuri ajabu, kila tofali na ufa wake, ila watu saba walikuwa moshi. Walikuja kuangalia wakijitafuta.

"Tumekufa wote," mumewe alisema. "Tanuri ndilo limebaki kutuzika."

Bi Kidevu aliwaeleza shida yake. Lenzi ilihitaji sekunde nane, na katika hizo nane asitikisike mtu. Wakatazamana. Mikate haina subira. Kila mmoja pale alikuwa na kitu kinachomdai mikononi, na kama si unga ni moto. Mwendesha mashine alishauri wangoje hadi kazi iishe alfajiri, lakini wakati huo moto ungekuwa umelala, na picha ya tanuri lililolala Bi Kidevu hakuitaka.

Mumewe alikuwa kimya, kimya chake cha nyumbani. Halafu akasema sekunde nane zipo. Safu ya mwisho ikishaingia, kabla ya kufunga mlango wa tanuri, kuna muda ambao hakuna mkono unaodaiwa. Mlango ukikaa wazi nane, mikate haitajua. Ukikaa wazi kumi na mbili, itajua.

"Una hakika?" mkewe alimwuliza.

"Nimekaa nalo miaka mingi kuliko niliyokaa na wewe. Nitakuhesabia."

Aliiweka kamera chini sana, puani mwa meza, mahali mikate mibichi ya awamu inayofuata ilipokuwa imepangwa, ili safu zake zikimbie kuelekea motoni. Akahakikisha iko sawasawa, kuta zisilale. Halafu akaanza kuwapanga watu, na hapo mumewe akaenda kujibanza pembeni kabisa, karibu na ukuta, ili wenzake wapate nafasi.

"Toka huko," Bi Kidevu alisema.

"Nikitoka, huyu wa mashine atasimama wapi?"

"Atapiga magoti. Wewe kaa mbele ya moto. Huko pembeni nitakutoa kama dada yako."

Wale sita waligeuza vichwa. Hawakuwahi kusikia mtu akimwamuru Redio, na walikuwa wanangoja waone itakuwaje. Redio alikwenda akasimama mbele ya moto.

Walingoja. Madonge yakakatwa, yakaingia, safu ya kwanza, ya pili, ya tano. Mumewe akausukuma ubao kwa mara ya mwisho, akauchomoa, akausimamisha kando yake kama mkuki. "Sasa," alisema, na Bi Kidevu akabonyeza. Kamera ikasubiri sekunde mbili zake, ikafungua jicho. Moja, mumewe alihesabu. Mbili. Hakuna aliyepepesa. Jasho lilikuwa linamtiririka mpima madonge hadi kwenye pua na hakulifuta. Tano. Moto ulikuwa unanguruma chini kwa chini. Nane, alisema, akageuka, akaufunga mlango wa tanuri kwa mguu, na bekari nzima ikashusha pumzi.

Walikusanyika nyuma ya kamera wakisukumana. Yote yalikuwemo: dari nyeusi ya masizi, magunia, rafu, meza ndefu yenye mikate, na mwishoni kabisa mdomo wa tanuri ukiwamwagia wote rangi ya dhahabu. Watu saba wazi kabisa, kila nyusi na unga wake. Kitu kimoja tu hakikutulia. Mumewe macho yake yalikuwa wazi, mikono wazi, mpini wa ubao wazi. Mdomo ulikuwa ukungu mtupu, kwa sababu ndiye aliyekuwa anahesabu.

Mpima madonge alicheka hadi akakaa juu ya gunia. Alisema kamera hii haijawahi kukutana na Redio na bado imemjua mara moja. Mwendesha mashine alitaka nakala kwa ajili ya mama yake. Mumewe aliinama akajitazama kwa muda, akasema kungekuwa na awamu nyingine saa tisa, angeweza kuhesabu kimoyomoyo, wairudie.

Bi Kidevu aliitazama tena ile picha. Akaanza kukunja miguu ya stendi. "Haina haja," alisema.

Hakurudi nyumbani peke yake. Alibaki akipaka mafuta mabati hadi alfajiri, na kulipokucha wakaondoka pamoja, wamebeba mkate wa moto wakiumega njiani. Mumewe alizungumza njia nzima. Alisimulia usiku wake wa kwanza pale, alivyounguza mikate arobaini na kujificha stoo. Alisimulia aliyemfundisha kusikiliza matofali. Walipofika nyumbani walikuwa hawajamaliza hata nusu ya mwaka wa kwanza. Wakachemsha chai, wakaendelea, na mteja aliyekuja kutaka picha za pasipoti asubuhi ile aligonga mlango wa chumba cha picha hadi akachoka.

Tanuri lilivunjwa kama ilivyopangwa. Mumewe alikwenda kuangalia, akarudi hana la kusema, na safari hii mkewe alijua kwamba ni huzuni, si tabia. La umeme lilifungwa, likaoka vizuri, na baada ya mwezi alikuwa amekwisha kuupata upande wake wenye hasira. Picha ilichapishwa kubwa, ikatundikwa dukani juu ya kaunta ya mikate, na wanunuzi wakawa wanauliza yule mtu wa katikati mdomo wake umeenda wapi.

Wauguzi wa zamu ya usiku walinunua mikate pale. Hawakuchukua muda kumtafuta Bi Kidevu: walitaka na wao awapige picha wodini kwao, katikati ya usiku, pamoja na korido yao ndefu na taa zake. Alikwenda siku ya mapumziko ya mumewe, naye akamsaidia kubeba stendi. Kila kitu kilikuwa tayari saa saba usiku, kamera imenyooka, wauguzi tisa wamesimama wametulia. Picha ya kwanza ikatoka moshi. Ya pili ikatoka moshi. Bi Kidevu akageuka, akamkuta mumewe nyuma yake anawasimulia habari ya mikate arobaini kwa sauti ya chini, na wauguzi wanatikisika mabega kwa kujizuia kucheka.

Alimtoa nje akangoje kwenye benchi. Ya tatu ikatoka safi. Alipomfuata na begi lake begani, alimkuta amekaa na mzee mmoja mgonjwa aliyekosa usingizi, wanazungumza kana kwamba walikua pamoja, na ikabidi naye akae angoje wamalize.